Jalada Lililokua

Jalada lilikuwa la miaka saba iliyopita, lakini wino wa mstari wake wa mwisho ulikuwa mbichi, ukamchafua kidole.

Mwanamke aliyelishika aliitwa Mama Sera na kila aliyefanya naye kazi. Hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na kazi yake. Taasisi zilimwita aziandikie sera za kutunza taarifa: nini kihifadhiwe, kwa muda gani, nani aruhusiwe kukisoma, na kiteketezwe lini ili wenyewe wasije wakaburutwa mahakamani. Hospitali hii ilimwita kwa sababu sheria mpya ya taarifa binafsi ilikuwa imeanza kung'ata, na masijala yao ilikuwa imejaa majalada ya wagonjwa mpaka darini.

Hakumwambia mtu kwamba hapo ndipo alipojifungulia. Aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa na mimba ya miezi minane, akalazwa kwa dawa, na alipozinduka kesho yake mtoto alikuwa ameshazikwa. Mumewe, fundi seremala, ndiye aliyemzika. Hawakuwahi kulizungumza. Kila alipolikaribia jambo hilo, mume alikumbuka kitu cha kupigilia msumari uani.

Kuhusu majalada ya watoto waliofariki, sera aliyoiandika haikuwa na utata. Yanakaa miaka mitano, kisha yanasagwa kwenye mashine ya karatasi iliyo mlangoni mwa masijala. Alikiandika kifungu hicho, akaweka nukta. Halafu akaenda kwenye rafu kuhakiki orodha, akalikuta: "Mtoto wa kike wa", na jina lake yeye.

Alilifungua. Kilo moja na gramu mia tisa. Vidole vya mikono kumi, vya miguu kumi. Saa ya kuzaliwa na saa ya kufariki, zote za alasiri ileile. Chini yake, mahali ambapo karatasi ilipaswa kuwa tupu, mwandiko wa muuguzi uliendelea. Mwaka mmoja: kilo tisa, anatembea. Miaka mitatu: ameungua mkono, hakulia. Miaka sita: jino la mbele limetoka. Na ule mstari mbichi, wenye tarehe ya siku hiyo: Miaka saba, kilo ishirini na mbili. Anamuulizia mama yake.

"Nani anaandika humu?" alimuuliza mtunza masijala, akijitahidi sauti isimpande.

Yule bwana alikuwa mtu wa utani, aliyependa kusema kwamba maishani mwake amevuta vumbi jingi kuliko hewa. "Humu? Tangu wauguzi wahamie kwenye kompyuta, hakuna anayekanyaga. Hata kalamu ukiisahau, panya wanaenda kujiandikia."

Mama Sera alicheka kidogo, akalirudisha jalada kwenye rafu. Kesho yake, mtunza masijala alipoenda kula mchana, alilitoa tena.

Ikawa ndiyo desturi yake. Kila mchana kulikuwa na mstari mpya. Kilo ishirini na nne. Anapenda kuimba. Kilo ishirini na saba. Anaogopa mashine iliyoko mlangoni. Sketi za Mama Sera zilianza kumteremka kiunoni, na watu wa uhasibu wakamuuliza anatumia dawa gani ya kupunguza unene. Katikati ya rafu kukawa na harufu ya poda ya watoto, na chini ya poda harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha. Siku moja matiti yalimuuma tangu asubuhi, na alipoinama aliona blauzi imelowa sehemu mbili.

Angepaswa kukimbia. Badala yake alikwenda kwenye kompyuta, akaifungua rasimu ya sera, na mwisho wa kile kifungu cha watoto akaongeza maneno machache: isipokuwa jalada hili, litakalotunzwa milele. Alipomaliza tu alisikia nyayo peku nyuma ya rafu ya mwisho, nyayo nyepesi za mtu asiye na haraka, zikaja, zikasimama, zikaja tena, na yeye badala ya kupiga kelele akajikuta ameketi sakafuni na jalada kifuani, akiyumba mbele na nyuma huku akiimba wimbo ambao hakukumbuka nani alimfundisha, na karatasi zile zilikuwa na joto, joto la shingo ya mtoto aliyelala, na kitu fulani kilimpumulia sikioni pumzi yenye harufu ya yale maziwa, naye akageuza uso ili kimfikie vizuri zaidi.

Alipoinua macho, mtunza masijala alikuwa amesimama mlangoni, hana utani usoni. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama sakafu. Kwenye vumbi kulikuwa na alama za miguu midogo, zote zikimwelekea Mama Sera, hakuna hata moja inayorudi.

"Mama Sera," alinong'ona. "Usisimame kwanza. Ngoja nimpigie shemeji."

Alimpigia mume, kisha akampigia dada yake yeye mwenyewe, mganga wa majini. Walifika kabla saa nzima haijapita, mume akiwa bado na unga wa mbao nyweleni. Mganga alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mkoba wa plastiki. Alitoa ubani na kiberiti, na mtunza masijala, kaka yake, akamshika mkono.

"Dada, humu hapawashwi moto. Kifungu cha tano."

"Nani kakitunga?"

Kaka yake alimwonyesha kwa kidole mwanamke aliyekaa sakafuni. Mganga alikirudisha kiberiti. "Basi maneno yatatosha." Alichuchumaa mbele ya Mama Sera. "Mwanangu, huyo si mtoto. Ni jini. Hana mwili, anakaa kwenye jina la mfu ambalo mama hajaliachia. Kilo zote ulizopungua kazichukua yeye." Aliitupia jicho rasimu iliyokuwa bado wazi kwenye kompyuta. "Hicho ulichoandika kwenye sera umeshakisaini?"

"Bado. Kesho."

"Kesho angetoka humu kwa miguu yako."

"Anaimba," Mama Sera alisema. "Mnajua kwamba anapenda kuimba?"

Mume aliketi sakafuni kando yake, akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza mwanamke akakubali kuliachia jalada. Mume alilisoma polepole. Alifika mwisho, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha akaziangalia zile alama kwenye vumbi, moja baada ya moja.

"Hawa wameandika vidole vya miguu kumi," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa na tisa. Mguu wa kulia, kile kidogo hakikuwepo. Nilivihesabu mara mbili. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya."

Alama zote za kwenye vumbi zilikuwa na vidole vitano.

"Hukuniambia," mwanamke alisema.

"Sikukwambia."

Nyuma ya rafu sauti ndogo ikasema, taratibu, "Mama, usiwasikilize."

Mtunza masijala alishika ukuta. Mganga alianza kusoma maneno yake chini kwa chini, akamwonyesha Mama Sera mashine kwa kidevu. Ilibidi awe yeye. Mume alimwinua, akamshika kiuno hadi mlangoni, na mwanamke akaanza kuingiza karatasi, ya mwisho kwanza. Mashine ikanguruma. Nyuma yao sauti ililia kama mtoto wa miaka saba anayeachwa shuleni, akaingiza nyingine, ikalia kama wa miaka mitatu, isiyojua maneno mengi zaidi ya mama, akaingiza nyingine huku machozi yakidondokea juu ya mashine, na sasa kilikuwa kilio cha kichanga, kile ambacho alikuwa amekisubiri kwa miezi minane na hakukisikia. Mkono wake uligoma.

Ulibaki ukurasa wa kwanza.

"Huu niuache," alisema. "Huu tu."

"Ukiacha hata kipande, njia anaijua," mganga alisema.

Aliuingiza. Kilio kilikatika katikati. Ile harufu ikaondoka, ikabaki ya vumbi. Mtunza masijala alileta hati ya uteketezaji, Mama Sera akaisaini. Kisha akarudi kwenye rasimu, akayafuta yale maneno aliyoyaongeza.

Walitoka, wakaketi kwenye benchi la wageni, mume na mke. Watu walipita na vikapu vya chakula cha wagonjwa. Mume hakukumbuka kitu chochote cha kwenda kupigilia msumari.

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Mpaka masikioni."

"Alifumbua macho?"

"Hapana." Alifuta unga wa mbao mikononi, ingawa haukuwepo tena. "Waliniletea nje nimshike. Nilimwambia, 'Mama yako amelala, msubiri kidogo, ataamka.'"

"Akasubiri?"

"Alijitahidi," mumewe alisema.