Mpendwa wa Watu Arobaini

"Unaniitaje?"

"Mpendwa."

"Na mama muuza mkaa unamwitaje?"

"Mpendwa."

"Sasa mimi na mama muuza mkaa tuna tofauti gani?"

Fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki la chumba cha ushonaji, spana mkononi, miguu imetokeza nje kama ya mtu aliyegongwa na gari. Alifikiri. Maji yakamdondokea usoni, bado anafikiri.

"Yeye anauza mkaa," akajibu.

Fundi cherehani aliachia pedali, mashine ikanyamaza. Alikuwa na majoho kumi na manane ya kwaya ya kumaliza kabla ya Jumapili, na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja asije akazimeza kwa hasira.

Tatizo ni kwamba kanisa lao halikumpa hata sababu moja ya kulalamika. Miaka miwili iliyopita aliingia amechelewa, hamjui mtu, nia yake akae nyuma na atoroke kabla wageni hawajasimamishwa. Mlangoni akakutana na fundi bomba huyu huyu, msimamizi wa wakaribishaji, ambaye waumini wote walimwita Karibu kwa kuwa ndilo neno lililomtoka kuliko mengine. Akamletea kiti. Kiti kikayumba. Mwanamume akapiga goti, akaikunja karatasi ya matangazo mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa kiti, kisha akainua uso.

"Hapo sasa. Karibu, mpendwa."

Moyo wa fundi cherehani uliangukia pale pale, na mpaka leo hakuna aliyeuokota.

Alipougua homa, kina mama wa kanisa walipokezana kumfulia na kumpikia, wala hawakumuuliza kwao ni wapi. Karibu akaja kumvutia bomba hadi ndani, ili asitoke kufuata maji. Na kila Jumapili, mchungaji aliposema, "Mgeukie jirani yako umwambie nakupenda," Karibu aliuacha mlango, akatembea hadi safu ya nne, akamgeukia yeye.

"Nakupenda."

"Nakupenda pia."

Kisha akarudi mlangoni! Jumapili mia moja na ushee. Mapenzi gani haya, ya kusubiri ruhusa ya mimbari?

"Karibu, toka huko chini. Nina neno."

Akatoka, nywele zinachuruzika.

"Shangazi amenipatia kazi. Kiwanda cha sare za shule, mji mwingine. Nisimamie washonaji ishirini. Wanataka jibu Jumapili jioni. Nikikubali, Jumatatu napanda basi."

Spana ikaanguka sakafuni.

"Hiyo..." Akaiokota. "Hiyo ni baraka."

"Ni baraka?"

"Tutakuombea."

"Mtaniombea. Wewe na nani?"

"Kanisa."

Futi ya kupimia iliruka ikamtua begani.

"Nenda! Bomba limepona?"

"Limepona."

"Afadhali lenyewe."

Jumamosi mchana, akiwa anapiga pasi joho la kumi na saba, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa kwenye kundi la simu la kanisa, lenye watu arobaini. Mtumaji: Karibu.

"Mpendwa, Bwana asifiwe. Kila Jumapili nakupokea mlangoni na kukupa kiti. Sasa natamani nikukaribishe kwangu, usiwe mgeni tena. Nimeliombea jambo hili muda mrefu. Kesho baada ya ibada nitakusubiri nyumbani. Nakupenda."

Kabla hajafika mwisho, majibu yakaanza kumiminika.

"Amina!"

"Amina mtumishi, tutakuja na watoto."

"Amina. Viti vipo au tubebe?" Huyo alikuwa mama muuza mkaa.

Fundi cherehani alicheka kicheko cha uchungu. Wikiendi yake ya mwisho mjini, na mtu yule ameigeuza kuwa ushirika wa nyumbani! Akaandika "Amina" kwa kidole kilichokaribia kutoboa kioo, akampigia shangazi yake.

"Umeamua, mwanangu?"

"Kesho jioni nitakupa jibu, shangazi. Ila andaa kitanda."

"Na yule mtu wako wa mlangoni?"

"Si mtu wangu. Ni mtu wa mlango."

Jumapili, kwa mara ya kwanza, Karibu hakuwepo mlangoni. Mchungaji aliposema watu wawageukie jirani zao, fundi cherehani alitazama nyuma bila kutaka. Hakuna aliyekuja. Mama muuza mkaa ndiye aliyemshika mabega.

"Nakupenda, mwanangu."

"Nakupenda pia, mama," akasema, akamshika naye. Kwa sababu ilikuwa kweli. Aliwapenda watu hawa mpaka wakamkera, na kesho angewaacha.

Hakutaka kwenda huko nyumbani kwa Karibu. Lakini mke wa mchungaji alishatangulia, na yeye ndiye wa kuyapokea majoho. Akajitwika furushi, akaenda.

Akakuta uani watu wamejaa kama soko, wengine wamekalia ndoo. Karibu alikuwa anaingia na viti sita kichwani, jasho linamtiririka, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama yake Karibu akakimbia kumpokea mgeni furushi, akamkumbatia mpaka akakosa pumzi.

"Karibu, mkwe wangu!"

"Shikamoo, mama. Mkwe wa nani?"

"Marahaba. Si umeposwa jana ukakubali?"

Fundi cherehani akageuza shingo polepole. Karibu alikuwa bado na viti kichwani.

"Wewe. Njoo huku."

Wakaenda nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Madirisha mawili yakafunguka papo hapo, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuyajali?

"Niliposwa saa ngapi?"

"Ujumbe ule ulikuwa wako," akasema, anatazama viatu vyake. "Kidole kiliteleza, ukaenda kwa kanisa zima. Nilipotaka kuufuta nikaona umejibu Amina."

"Watu arobaini wamejibu Amina!"

"Ya kwako ndiyo niliyoiona."

"Mama muuza mkaa naye amejibu! Utamuoa naye?"

"Mimi nina mume wangu, msinitie humo!" sauti ikatoka dirishani.

"Lakini Amina maana yake na iwe hivyo," Karibu akajitetea. "Nimemwomba mtu asiwe mgeni kwangu tena, akasema na iwe hivyo. Ungekuwa wewe ungeelewaje?"

"Ningeelewa kwamba nimeandika tangazo! Nimekupa miaka miwili. Nimekwambia naondoka, ukaniambia kanisa litaniombea. Mtu mzima, huna neno lako mwenyewe?"

Hapo Karibu akainua uso, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira yeye.

"Sina! Unafikiri sijalitafuta? Maneno yote mazuri tumeshayagawa pale kanisani. Mpendwa ni la wote. Nakupenda ni la wote. Karibu ndilo jina langu. Kila nikija kwako, mdomo mtupu! Na juzi, ningesema nini? Usiende? Ile kazi unaiweza kuliko mtu yeyote. Nikuzuie, halafu niseme nakupenda?"

Fundi cherehani akamsogelea.

"Basi jaribu," akasema, taratibu kidogo. "Bila maneno ya Jumapili."

Karibu akafikiri. Safari hii hakuna maji yaliyomdondokea.

"Nakutaka wewe. Wewe unayenigombeza na pini mdomoni. Nakupenda Jumanne saa nane mchana, umenuna, na hakuna mchungaji aliyeniambia nigeuke. Nenda kiwandani. Nikishakabidhi kazi zangu hapa, nitakufuata. Mabomba yanavuja kila mji."

"Utaacha mlango wako?"

"Mlango utapata mtu mwingine wa kuusimamia."

"Niulize sasa. Niulize kama watu wanavyoulizana."

"Utakubali nikuoe?"

Hata watoto waliokuwa wanakimbizana uani walinyamazishwa.

"Ndiyo."

"Yaani Amina?"

"Ndiyo, wewe mtu! Ndiyo! Unataka nikushonee kwenye kola?"

"AMINA!" madirisha yote mawili yakaitika, na ndani mtu akaanza kupiga vigelegele na sufuria.

Jioni ile shangazi alipata jibu lake, na Jumatatu fundi cherehani akapanda basi, nusu ya kanisa imekuja kumsindikiza, kila mmoja anatoa maelekezo yake kwa dereva. Karibu alibaki miezi mitatu, akamfundisha mama muuza mkaa kazi ya mlangoni. Alifundishwa nini hasa haijulikani, maana siku ya harusi mama yule alimkaribisha bwana harusi kama mgeni na kumtaka asimame ajitambulishe.

Wiki mbili baada ya harusi, mume na mke waliingia katika kanisa la mji mpya. Walichelewa, mke alikuwa anamalizia kumpunguzia mumewe suruali. Mlangoni, binti mwenye beji ya kitambaa akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana, wapendwa."

Mtu aliyekaribisha wengine miaka yote akasimama hapo kama mtoto, macho yamelowa. Mkewe akamvuta mkono wakakae. Kiti chake mke kikayumba. Binti akaangaza huku na huko kutafuta kingine, lakini Karibu alishapiga goti, anakunja karatasi ya matangazo mara nne.

"Hapo sasa," akasema.

Na mbele, mchungaji wasiyemjua akainua mikono.

"Mgeukie jirani yako, umwambie nakupenda!"

Karibu akamgeukia mkewe, akafungua mdomo.

"Usithubutu," mkewe akamnong'oneza, huku anamkaza mkono. "Subiri Jumanne."