Kikao cha Gurudumu la Nyuma

Wenzangu wa Kirushya, na nyinyi wa Kibimba mnaojifanya hayawahusu, hili nalisema kwa sababu bado linanichoma. Mnaijua nyumba ya marehemu mzee Ntwari. Nani kati yenu aliwahi kusikia ugomvi pale? Asubuhi wanawe wawili, Danstan na mdogo wake Leonidas, walikata ndizi pamoja na kuzipakia kwenye kipanya cha mzee, yale magari ya zamani yenye uso bapa. Tecla, mke wa Danstan, alitandika majani makavu ya migomba kati ya mikungu ili isichubuke njiani. Kisha safari ya sokoni Biharamulo, na mama mzaa chema Febronia akiwapungia mkono mlangoni. Watu walikuwa wanaelewana, basi.

Mzee akafariki ghafla, gari likiwa tayari limepakiwa magunia ya maharage. Kwetu mnajua mambo yalivyo: mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna aliyethubutu kushusha hata gunia moja. Gari likasimama uani na mzigo wake, jua lake, mvua yake, tairi zikilemewa. Matanga yalipoanuliwa ukoo ukaketi. Gari likaenda kwa Danstan kwa kuwa ndiye dereva, shamba la bondeni likaenda kwa Leonidas. Leonidas akasema sawa, akaaga mapema akakamue ng'ombe. Alikwenda kukamua ng'ombe, jamani. Hakuna kingine.

Safari ya kwanza tu, kelele ikaanza. Du, du, du, du. Tecla aliisikia kabla hawajaiona lami.

"Baba Ishimwe, unasikia hiyo?"

"Barabara mbovu."

"Barabara gani inapiga kwa mpangilio? Ukipunguza mwendo nayo inapunguza. Ukikanyaga mafuta inakimbia. Ni gurudumu hilo, tena la nyuma kushoto. Nalisikia mpaka kwenye kiti."

"Mama Ishimwe, ufundi umeanza lini?"

Akaongeza sauti ya redio. Kwaya ikaimba kwa nguvu, na chini yake gurudumu likaendelea kupiga. Hivi mtu anaamini kwamba akiifunika kelele ndiyo ameitengeneza?

Stendi ya Ngara kila mtu alikuwa bingwa. Huyu anasema beringi, yule anasema propela, mwingine anasema matope yameganda ndani ya rimu, lioshwe tu. Likaoshwa. Du, du, du. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama. Tecla aliwasihi mpaka akachoka: wekeni jeki, inueni, zungusheni gurudumu kwa mkono, mpapase tairi. Kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa! Wakamcheka. Fundi mmoja akasikiliza gari likiwa limesimama, eti limesimama, akabadilisha beringi za mbele. Kelele ikabaki palepale nyuma.

"Sasa tazama tairi," Tecla akasema.

"Lipi? Lile?" Danstan akakasirika. "Lile ndilo zima kuliko yote! Baba mwenyewe alilifunga kabla hajafa. Meno yake marefu hivi, wewe unaliita bovu?"

Ni kweli meno yalikuwa marefu. Lakini lilikuwa tairi la mtumba, mpira mkavu uliochoka kabla haujafika kwetu, kisha likabeba magunia muda wote wa matanga. Ndani lilikuwa limeshaanza kuachia. Hilo usingelijua kwa kulitazama umesimama wima na mikono mfukoni.

Danstan akafikia uamuzi wake. "Beringi mpya, kelele ipo. Basi hii si ya gari."

Mama Febronia akajifunga kanga vizuri. "Ni baba yenu huyo anagonga. Kuna jambo halikumpendeza."

Yesu na Maria! Tecla alihisi kichwa kinamuuma. Lakini ukoo ulishapata habari, na baba mkubwa Nyandwi, kaka wa marehemu, akaitisha kikao. Chungu cha pombe ya mtama kikawekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, wazee wakaketi kuchunguza gurudumu. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa pale pale, nyuma ya migongo yao. Hakuna aliyegeuka kulitazama.

"Siku ya mgawanyo nani aliondoka mapema?" Nyandwi akauliza.

Macho yote kwa Leonidas.

"Shikamoo baba mkubwa. Nilikwenda kukamua, mama yupo, anajua."

"Kukamua tu?"

"Kukamua tu."

Leonidas akainama kunywa. Zamu ilipofika kwa Danstan, akautazama mrija alioutumia mdogo wake, akausukuma pembeni. Mnajua maana yake kwetu. Kukataa mrija wa ndugu mbele ya watu ni zaidi ya kumtukana.

"Baba mkubwa," Tecla akajitosa, "nawaomba jeki tu. Tuinue gurudumu wote tukiwapo."

"Mwanamke akinyamaza kikaoni anapungukiwa nini?" Nyandwi akajibu, na watu wakacheka. Kisha akatoa hukumu: Leonidas asilisogelee gari, asiliguse, asilizungumzie. Likilia tena, watajua ni nani analiroga.

"Nimesikia," Leonidas akasema. "Sitalizungumzia."

Ikasomwa misa ya kumwombea mzee, jambo jema lenyewe. Gari likaendelea kulia, na sasa lilitikisika kiasi kwamba mikungu ilihama yenyewe nyuma. Tecla angekataa kupanda, lakini ndizi zilikuwa zimeiva na mumewe hakusikia la mtu. Akakaa nyuma na mzigo, rozari mkononi, amekasirika hata sala haziendi.

Wakiwa wanaikaribia Lusahunga, Tecla akamwona Leonidas nyuma yao kwenye pikipiki, na yeye akienda Biharamulo. Akawasogelea, akatazama chini upande wa kushoto, akatazama kwa muda. Kisha akapunguza mwendo, akabaki nyuma.

"Anatufuata nini huyu?" Danstan akafoka mbele.

Kwenye mteremko tairi likapasuka. Nyuma ikayumba, Danstan akapigana na usukani, gari likatoka barabarani na kugonga kingo ya mawe kwa uso. Magari haya bapa, miguu ya dereva ndiyo inayotangulia. Tecla alifunikwa na mikungu, akatoka na michubuko. Aliyekuja wa kwanza, akavunja mlango, akamvuta Danstan huku mwenyewe akilia kama mtoto, alikuwa Leonidas.

Hospitalini walimkata Danstan mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Leonidas akakaa kibarazani na damu ya kaka yake kwenye shati, na Tecla alipotoka wodini akasimama.

"Shemeji, nililiona."

"Uliona nini?"

"Tairi. Lilikuwa limevimba ubavuni, kinundu kikubwa, kila likizunguka kinapiga chini. Niliona kabisa."

Tecla akamshika shati. "Uliona ukanyamaza? Leonidas! Ungepiga honi! Ungepiga simu! Ungetutukana hata matusi, tungesimama!"

"Ningesimamisha gari, tairi lingepasuka mbele yangu. Mngeniuliza nimejuaje."

Ndivyo hasa wangemwuliza, na Tecla alijua. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa hasira, na shemeji yake akakaa karibu naye akilia pia.

Mnadhani yaliishia hapo? Danstan hajaanza hata kuzoea magongo, Nyandwi akaitisha kikao kingine. Safari hii kutafuta aliyeleta ajali. Chungu kile kile kikatolewa. Ndipo Tecla akaenda nyuma ya nyumba, akalivingirisha lile tairi lililopasuka, akalilaza katikati ya wazee na kukisogeza chungu kwa mguu.

"Papaseni," akasema.

Danstan alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akapitisha vidole kwenye nyaya zilizotokeza, mahali mpira ulipoachia kidogo kidogo safari baada ya safari, huku yeye akisikia na kuongeza sauti ya redio. Akamtafuta mdogo wake kwa macho.

Nyandwi akapapasa naye, akafuta mkono kwenye suruali. "Tairi limepasuka, tumeona. Lakini nani alilifanya lipasuke?"

Leonidas akainuka, akaondoka. Safari hii hakuaga mtu.

"Sisi," Tecla akasema, na hakuishusha sauti. "Sisi, baba mkubwa. Tuliokaa hapa tunakunywa, gari likiwa nyuma yetu."

FUNZO

Ndugu zangu, kelele ya gari itafutwe kwenye gari. Inama, inua gurudumu, lizungushe, lipapase lote, hata lile unalolipenda kwa sababu ya aliyelifunga. Tairi lenye meno marefu laweza kuwa limekufa ndani. Mke wako akisema anasikia kitu, zima redio usikilize.

Ukimtuhumu ndugu yako bila ushahidi, umeufunga mdomo ambao kesho ungekuonya. Atakiona kifo kinakufuata barabarani, na ataogopa kukwambia kwa sababu yako. Nawe uliyeonewa, sema hivyo hivyo. Wakuite mchawi, lakini wawe hai wanapokuita.

Danstan ametuma watu mara kadhaa kumwita mdogo wake aje wanywe pamoja. Leonidas anawajibu kwa heshima kwamba ana ng'ombe wa kukamua.