Mguu wa Kushoto wa Mwanamkasi

Mwanamkasi na mumewe Idarusi walikaa Pongwe, nje ya mji wa Tanga. Idarusi alikuwa seremala wa vitanda. Mwanamkasi alisuka mikeka. Mwaka 1956 walipata mtoto wao wa tatu, msichana. Bi Mwatumu, mama yake Mwanamkasi, alikuja kutoka Tongoni kumtunza mzazi.

Bi Mwatumu alifuata desturi aliyokuzwa nayo. Alimkanda binti yake kwa maji ya moto. Alimpikia uji wa pilipili manga. Hakumruhusu kushuka kitandani ila kwa haja.

"Mzazi kaburi lake li wazi siku arobaini," alimwambia. "Lala, utulie."

Mwanamkasi alilala. Siku ya nane aliamka mguu wa kushoto ukiwa mzito. Kinena nacho kilimuuma. Aliona haya kupataja mahali penyewe, akanyamaza.

Kesho yake mguu ulikuwa umevimba toka paja hadi unyayo. Ngozi ilikaza na kung'aa. Mguu wa kulia haukuwa na kitu. Idarusi alisimama mlangoni akiitazama miguu ile miwili.

"Ni baridi tu imeingia," alisema Bi Mwatumu. Akapasha mafuta ya nazi, akaanza kuuchua mguu kwa nguvu. Mwanamkasi aliuma kanga ili asilie.

Mara ikasikika hodi. Alikuwa Anjela, mkunga wa zahanati, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuja kutazama kitovu cha mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Anjela aliuona mguu. Alisogea upesi, akamshika Bi Mwatumu mikono yote miwili.

"Bibi, nakuomba usiuchue tena."

"Kwa nini? Huoni anavyoumwa?"

"Naona. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukichua, bonge laweza kukatika, likaenda na damu mpaka kwenye mapafu. Hapo mtu hukosa pumzi."

Bi Mwatumu aliitazama mikono yake iliyojaa mafuta. Akaificha ndani ya kanga.

Anjela alimgeukia mgonjwa. "Unapumua vizuri? Kifua kinauma? Umekohoa damu?"

"Hapana. Ni paja," alisema Mwanamkasi. "Na hapa." Kwa mara ya kwanza alionyesha kinena.

"Tunakwenda hospitali Tanga. Leo hii."

Idarusi alitikisa kichwa. "Watamkata mguu. Namjua mtu wa shamba la mkonge. Alikwenda na mguu, akarudi na magongo."

"Yule alikuwa na kidonda kilichooza. Huyu hana kidonda," alisema Anjela. "Mimi pia naogopa, kaka. Lakini naogopa zaidi tukikaa hapa."

Idarusi alikwenda barabarani akasimamisha lori la mkonge. Walimbeba Mwanamkasi na godoro lake, mguu ukiwa juu ya mito. Mtoto alipakatwa na Anjela. Njia nzima Bi Mwatumu aliutazama uso wa binti yake. Mwanamkasi alipofumba macho, mama alimtikisa bega.

"Unapumua?"

"Napumua, mama. Nimechoka tu."

Hazikupita dakika nyingi, akamuuliza tena.

Hospitalini daktari aliipima miguu yote miwili kwa utepe, pajani na chini ya goti. Wa kushoto ulizidi kwa inchi tatu. Aliuliza maumivu yalianza lini na wapi. Aliuliza mzazi amelala siku ngapi bila kutembea. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mshipa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto hupita ndani ya nyonga," alisema. "Mbele yake unapita mshipa mwingine wenye nguvu, unaopeleka damu mguu wa kulia. Nyuma yake uko uti wa mgongo. Kwa hiyo mshipa ule wa kushoto umebanwa katikati, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Watu wengi wako hivyo na hawaumwi. Lakini mimba nayo huubana. Mwanamke akiisha zaa, damu yake huganda upesi. Akilala siku nyingi, damu husimama. Nadhani ndivyo ilivyokuwa hapa."

"Basi ni mimi niliyemlaza," alisema Bi Mwatumu.

"Hukujua, mama. Na hata mwenye kutembea huweza kupatwa."

Bi Mwatumu akasema polepole, "Nilikuwa na dada, Kijakazi. Alizaa salama. Siku ya kumi na mbili aliinuka kwenda kuoga. Akaanguka ameshika kifua. Tulisema karogwa."

"Sikumwona, siwezi kusema," alijibu daktari. "Lakini jambo la namna hiyo ndilo tunaloliogopa."

Idarusi aliuliza kwa shida, "Mguu mtaukata?"

"Hatukati. Tutamchoma sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Mwili wenyewe utaliyeyusha bonge kidogo kidogo."

Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu. Mwanamkasi alinyonyesha akiwa ameegemezwa mito, mguu umeinuliwa. Kila aliposikia kifua kizito alidhani ndiyo siku yake. Siku ya nne ngozi ililegea. Baada ya siku chache zaidi daktari alisema afungwe bendeji ya kuvutika, asimame.

Bi Mwatumu alizuia njia. "Asimame? Nimewaambia habari za dada yangu."

Anjela alikuwa amekuja kuwatazama. "Bibi, sasa dawa inaizuia damu isizidi kuganda. Na mguu ukitembea, nyama zake huisukuma damu kwenda juu. Mpe mkono wako."

Mwanamkasi alipiga hatua nne. Akarudi kitandani akitoka jasho. Kesho yake alipiga kumi.

Alirudi Pongwe na bendeji na vidonge, na kila alipoitwa alikwenda kupimwa damu. Mguu haukurudi kuwa sawasawa kabisa. Jioni ulivimba kidogo, akauinua. Lakini alisuka mikeka, akalea.

Mwaka 1958 alishika mimba tena. Mimba ilipofika miezi mitatu alikwenda zahanati. Kabla ya kuulizwa lolote alisema, "Mguu wangu huu uliwahi kuganda damu, hadi kwenye kinena." Safari hii hakuona haya. Anjela aliandika, akampeleka kwa daktari. Walimwangalia mpaka mwisho, na akazalia hospitalini, mtoto wa kiume.

Siku ya pili asubuhi aliteremka kitandani. Mguu wa kushoto haukuwa na uvimbe mpya wala maumivu. Bi Mwatumu alimshika mkono, wakaenda mpaka mwisho wa wodi, wakarudi.

"Bado naogopa," alisema Bi Mwatumu.

"Hata mimi naogopa, mama," alisema Mwanamkasi. "Twende tena."