Mwenyeji Hapokei Simu

Siku waliyokutana, lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na watu wa ghorofa tisa walikuwa wanapishana kwenye ngazi moja. Huyu anashuka na ndoo, yule anapanda na mtungi wa gesi begani, na kila aliyepita mlango wa lifti alimtupia fundi neno.

"Bado tu?"

"Fundi, au tukuletee godoro ulale humo humo?"

Fundi aliendelea kugonga chuma. Alikuwa amelala kifudifudi, nusu ya mwili ndani ya shimo, viatu vyake vimebaki nje kama vya mtu aliyemezwa.

Katikati ya vurugu hiyo aliingia mwanamke mmoja amemshika mama yake mkono. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika mji wa mbali. Gauni lake la buluu lilikuwa limekunjamana kwa saa tisa za basi, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi shingoni. Mama alikuwa nadhifu kuliko yeye, kanga mbili zimenyooka, miwani myeusi usoni. Jicho lake moja lilikuwa limezima zamani. Lililobaki lilikuwa lifanyiwe upasuaji kesho yake asubuhi, hospitali ya mtaa wa pili, na ndiyo maana muuguzi alikuwa amepanga nyumba ya ghorofa ya chini, kwa siku kumi, kupitia mtandao. Ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa kwenye simu yake. Ameusoma njiani mpaka ameukariri.

Akagonga mlango. Akafungua mwanamume mwenye taulo begani. Nyuma yake watoto wawili wanakula chakula cha mchana sakafuni.

"Samahani, hii nyumba nimeipanga mimi. Kuanzia leo."

"Leo?" Yule bwana alishangaa kweli. "Sisi mwenyeji ametuongezea wiki mbili, dada yangu. Juzi tu."

Muuguzi akampigia mwenyeji simu. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umemshika mama, aliiweka simu juu ya sanduku na kuifungulia sauti.

"Dada mpendwa, karibu sana!" ilisema sauti nyororo. "Mmefika salama?"

"Tumefika. Tumekuta watu ndani."

Sauti ikakohoa kidogo. "Ee, kulitokea mabadiliko. Lakini usijali, nimekuwekea nyingine nzuri kuliko hiyo, ina roshani kabisa. Ghorofa ya saba."

"Lifti mbovu, dada. Na daktari amekataza mama asipande ngazi, asiiname. Nilikuandikia yote hayo. Ukanijibu 'usijali', ukaweka na picha ya ua."

"Basi nipe dakika mbili nikupigie."

Dakika mbili zikawa arobaini. Muuguzi alipiga, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya sita simu ilikuwa imezimwa. Hakulia. Alikaa juu ya sanduku akaanza kumpangua mama pini za ushungi, kwa kuwa joto lilikuwa kali na hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Fundi alikuwa ameshatoka shimoni kitambo. Alisimama anafuta grisi vidoleni, na moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu ile sauti aliijua. Ilikuwa ya dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa. Dada alisimamia nyumba nne za matajiri waliohamia nje, na hakuwa na ulimi wa kusema hapana. Kila aliyemwomba, yeye alimwambia ndiyo. Ndiyo mbili zikigongana, alizima simu.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Badala yake alisema:

"Dada, nina shangazi yangu hapa nyuma. Nyumba ya chini, haina hata kizingiti. Chumba kimoja kiko wazi."

Muuguzi alimtazama kuanzia viatuni. "Wewe huyo ambaye lifti imekushinda?"

"Haijanishinda. Tunazungumza."

Mama akacheka wa kwanza. "Twende," alisema. "Mtu anayezungumza na chuma hawezi kumwibia mwanamke mzee."

*

Shangazi alikuwa mjane mwenye maneno mengi na chumba chenye kitanda cha sita kwa sita. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho likafungwa bendeji, likaamriwa likae gizani wiki nzima. Siku ya tatu mama aliketi barazani akauliza, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu liko wapi?" Shangazi akampa ungo wa maharage achambue kwa vidole, na urafiki wa wale wawili ukaanzia hapo.

Fundi alikuja kila jioni akitoka kazini, amenawa mpaka viwiko, shati jeupe limepigwa pasi vibaya kola. Siku ya kwanza alileta barafu. Siku ya pili alileta redio. Siku ya tatu hakuleta kitu, na muuguzi akagundua kwamba hata hivyo alikuwa anamsubiri.

"Leo mikono mitupu?" alimuuliza.

"Nimejileta mwenyewe."

"Hiyo barafu ilikuwa na faida zaidi."

"Nesi, una ulimi wewe! Watoto huko wodini unawachoma sindano au maneno?"

"Vyote viwili. Wananishukuru wakipona."

Fundi alipenda kumchekesha, kwa sababu muuguzi alipocheka, mabega yake yalishuka. Aliyaona siku ya kwanza yalivyopanda karibu na masikio, mabega ya mtu ambaye kwa miaka sita, tangu baba afariki, hajawahi kulala saa sita mfululizo: zamu, mama, zamu. Naye muuguzi aliona kwamba mwanamume huyu husikiliza jibu mpaka mwisho, hata likiwa refu. Mchana fundi alimpigia simu akiwa juu ya kibanda cha lifti.

"Umekula?"

"Nimekula. Mbona sauti yako inarudi mara mbili?"

"Niko shimoni. Hapa nikisema 'mpenzi', linasikika ghorofa zote tisa."

"Usiseme basi."

"Nimeshasema."

Lakini jioni moja, akimkanda mama miguu, muuguzi alisema, "Yule mwenyeji, siku nikimtia machoni, nitamchoma sindano ya maji mahali ambapo hatakaa mwezi mzima."

Fundi alicheka. Alicheka pamoja naye, sauti juu, na usiku kucha kile kicheko kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijiambia kesho nitasema. Kesho ikawa na barafu yake, na kesho kutwa ikawa na maneno yake matamu.

*

Siku ya sita, saa nne asubuhi, dada mtu aliingia uani kwa shangazi na mzigo wa mashuka ya zile nyumba zake; mashine yake ya kufulia ilikuwa imeharibika. Fundi alikuwa amemkataza kuja wiki hiyo. Dada alidhani ataanika na kuondoka.

"Hodi! Shangazi, mpendwa wangu, mmeamkaje?"

Mama, bendeji usoni, mikono ndani ya ungo, aliinua kichwa.

"Mwanangu," alimwita muuguzi taratibu. "Njoo. Yule dada wa 'usijali' yuko hapa."

Muuguzi alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Akamtazama mwanamke yule mwembamba, mwenye mashuka kifuani. Kisha akaona pua. Pua ile ile, na kile kidevu.

"Fundi ni nani wako?"

Dada mtu alifungua kinywa. Mara hiyo simu ya kuzima haikuwepo. "Mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja."

Fundi alipofika jioni alikuta masanduku yapo mlangoni na shangazi ameshika kiuno.

"Nilitaka kukuambia," alianza.

"Lini? Siku ya barafu au siku ya redio?" Muuguzi hakupaza sauti, hakuwa na nguvu hiyo. "Kumbe ni kazi ya familia. Dada anafukuza wageni mlangoni, kaka anawaokota ngazini."

"Si hivyo, Nesi. Niliona aibu. Nilijua ukijua hutakuja, na mama angelala wapi?"

"Ungeniambia, ningechagua mwenyewe. Watu wote wananichagulia. Umecheka na mimi. Nilikuwa namtukana dada yako, na wewe unacheka." Akainua sanduku. "Ningekusamehe uongo. Kicheko kile ndicho sikiwezi."

"Mwanangu, nyumba njema si mlango," shangazi aliingilia. "Kaa ndani kwanza ndipo ulaumu."

"Shangazi, wewe sina neno nawe. Mungu akulipe."

Walihamia gesti iliyotazamana na hospitali, chumba chenye feni inayopiga kelele, mpaka bendeji ilipotolewa. Mama akaona: kwanza mwanga, halafu dirisha, halafu uso wa binti yake. Aliugusa.

"Umezeeka," alisema, akalia.

*

Fundi alipiga simu siku kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili aliacha, akarudi kwenye lifti zake. Shangazi alisema amekuwa kama mtu aliyevaa nguo za mwingine. Na dada yake hakugombana. Alimwambia neno moja tu: "Tangu mama atutoke nimekuwa nikipita nyuma yako kuomba radhi. Nimechoka. Za kwako utaziomba mwenyewe."

Wiki ya nne, muuguzi alikuwa amerudi wodini kwake, yuko katika chumba cha kubadilishia nguo, zamu imekwisha, kiatu kimoja mguuni. Simu ikaita. Akaona jina alilolihifadhi kwa hasira: *Mwenyeji*.

"Hakunituma," sauti ilisema upesi. Haikuwa nyororo. "Hajui hata kama nakupigia. Yule bwana wa ile nyumba, mke wake alikuwa amelazwa, hali mbaya. Aliniomba mbele ya watoto. Nikashindwa. Na wewe nilikuwa nimeshakuahidi. Nikaona bora nisipokee kuliko kukusikia."

"Mama yangu alikaa ngazini dakika arobaini."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo."

"Ni kweli." Pumzi. "Naomba radhi. Sina cha kuongeza."

Muuguzi alitazama kiatu cha pili kilichokuwa sakafuni. "Yule mama mgonjwa alipona?"

"Alipona. Walishaondoka."

"Nimekusikia, dada. Sijasema nimekusamehe. Nimesema nimekusikia."

Alikata. Akakaa pale mpaka mfagizi akaja na kumuuliza kama anaumwa. Kilichomkera ni kwamba alimwelewa. Yeye mwenyewe ni mara ngapi amempita mzazi kando ya kitanda cha mtoto haraka haraka ili asiulizwe swali? Siku mbili baadaye alipiga namba nyingine.

"Nani mwenzangu?" fundi alijibu, vyuma vinagongana nyuma yake.

"Kwani umenifuta?"

Vyuma vikanyamaza. "Sikukufuta. Sikuamini macho yangu."

"Mama ana kliniki huko kwenu Jumatatu ya wiki ijayo. Saa tatu. Sikuiti. Nakuarifu."

"Nimearifika."

*

Jumatatu, ukumbi wa kliniki ya macho ulijaa hadi mlangoni: watu wenye namba mikononi, watoto wanalia, karani anaita majina kana kwamba anagombana nayo. Fundi aliwakuta kwenye benchi la ukutani. Alivaa shati lile lile jeupe. Kola bado iko vibaya. Mama alimtazama kwa jicho lake jipya, kichwa mpaka miguu.

"Ndiye huyu? Kwa sauti ile nilidhani mrefu."

"Shikamoo, mama. Nilikuwa mrefu, nimepunguzwa na mawazo."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa upande wa pili wa muuguzi. Alijaribu kuinyoosha kola.

"Sikuja kumwombea dada," alisema hatimaye. "Nimekuja kwa langu. Nilikuficha, na nilicheka. Nilikuwa na siku sita za kukuambia, nikazitumia kukupendeza."

"Ulifaulu," muuguzi alisema. "Ndiyo iliyoniuma."

"Bado inauma?"

"Fundi, mimi huumwa na vitu vingi kwa wakati mmoja. Sijui hata kipi ni chako." Alifumba macho, akayafumbua. "Dada yako alinipigia. Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi."

Alimtazama vizuri aone kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

"Nesi, nataka kukuoa," fundi alisema, bila kupiga goti, kwani nafasi ya goti haikuwepo. "Maneno mazuri nilikuwa nayo, yameniishia kwenye ngazi. Wewe umechoka, mimi nimechoka. Ninachoomba ni tuchoke nyumba moja."

Mwanamke wa benchi la mbele aligeuka kusikiliza, kisha akajidai anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Itabidi niombe uhamisho," muuguzi alisema. "Huwa wanakaa nao miezi."

"Nitasubiri."

"Usiniambie utasubiri. Kusubiri kila mtu anajua. Niambie utafanya nini."

Fundi alifikiri. "Kila mwisho wa mwezi nitapanda basi nije. Mama nitampeleka mimi kliniki zake za huku, wewe ulale siku hiyo. Na kama kuna neno baya, utalisikia kwangu siku hiyo hiyo, hata kama utanifukuza."

"Siku hiyo hiyo?"

"Saa hiyo hiyo. Na nianze sasa: shangazi ameshawaambia majirani wote."

Muuguzi alicheka, kidogo tu, na mabega yakashuka. "Basi ndiyo," alisema. "Ndiyo moja, unasikia? Sina ya pili ya kumpa mtu mwingine."

Akaegemea ukuta, kisha ukuta ukawa mgumu, akaegemea bega lililokuwa karibu zaidi. Alitaka kuuliza habari za lifti. Hakufika mwisho wa swali. Alilala pale pale, saa nne ya asubuhi, mdomo wazi kidogo, katikati ya kelele zote zile, na fundi akabaki wima bila kusogeza hata kidole.

Karani aliita jina la mama. Aliita tena, kwa ukali.

Fundi alitaka kumwamsha. Mama akamshika mkono, akatikisa kichwa. Akainuka mwenyewe, akazikaza kanga zake, akazisoma namba zilizoandikwa juu ya milango moja baada ya nyingine, akaingia kwa daktari peke yake.