Ngoma ya Nunu Simuni

Vidole vya miguu vya Nunu vilianza kucheza vyenyewe adhuhuri moja, kaketi jikoni kwao Bawshar, anachambua mchele. Akavikanya, huku anacheka. Vikakataa.

Siku hiyohiyo vidio ikamfikia kaka yake, Wael. Mwaka ule watu walikuwa wakirushiana mambo kwa bluetooth, na safari hii alikuwa Nunu, kichwa wazi, nywele mgongoni, akicheza kwenye harusi ya binamu yake. Ukumbi wa wanawake watupu, simu za kamera marufuku mlangoni, lakini fisadi mmoja kapenyeza yake ndani ya buibui. Na wasichana wenyewe, utundu huo! Walipiga ngoma ya pepo wa marehemu bibi yao, ngoma isiyopigwa ila kwa udi na ruhusa, maana ikilia, mwenyewe huja.

"Umetuvua nguo," alisema Wael. Akaifuta vidio, akamfungia chumbani. "Hutoki mpaka watu wasahau."

Wasahau? Thubutu! Ilikuwa imeshafika mtaa wa Hamriya, imeshafika Khuwair. Na Nunu humo ndani akawa hana raha: kwanza harufu ya udi, na chetezo hakuna, kisha ngoma, mbali, kama nyumba ya tatu, kisha mikono asiyoiona ikamshika kiuno ikamwinua, akacheza huku analia, akacheza nyayo zikamchubuka, akimwomba huyo asiyemwona ampumzishe japo ameze mate, na kabla hajakaa ngoma imeshaanza tena.

Siku wajomba na ami za mchumba wake walipokuja kuvunja posa, Wael akawakaribisha majilisi, chumba cha wageni. Mama yao, Bi Mahfoudha, akapata nafasi ya kumwingiza Bi Masouda, fundi wa pepo, kwa mlango wa jikoni hadi chumbani kwa Nunu. Bi Masouda akamfunika Nunu shuka, akafukiza.

"Mkubwa, wamtakia nini mtoto?"

Sauti nzito ikatoka kinywani mwa Nunu. "Sitaki kitu. Nnaitwa, nnakuja. Wanaifungua ngoma yangu simuni mwao kutwa kucha. Hata miye nimechoka."

"Basi ngoma za nje usizisikie."

Shuka ikatetemeka.

"Za nje nimeziacha. Ikilia ndani ya nyumba hii, nnakuja, na sitoki tena."

"Humu?" alinong'ona Bi Mahfoudha. "Nani aipige humu? Wael kaifuta mbele ya macho yangu!"

Wakaafikiana. Miguu ikatulia. Nunu akaomba maji, akanywa kwa mikono yake mwenyewe, akalia kwa raha. "Nitaolewa, mama?"

"Utaolewa, mwanangu, inshallah."

Kutoka majilisi ikasikika sauti ya Wael, juu, ya mtu anayetetea heshima ya nyumba yake. "Si dada yangu huyo, ami, wallahi si yeye! Unayo kwenye simu yako? Ifungue basi, tuitazame sote!"

"La!" Bi Masouda akaukimbilia mlango.

Ngoma ikalia.

"Mama, nishike!"

Bi Mahfoudha akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Mikono isiyoonekana ikawainua wote wawili.

"Irudie, ami," alikuwa akisema Wael. "Uso hauonekani vizuri. Irudie."