Mikono ya Fundi Saa

Saa sita mchana watu walikuwa wakisukumana mbele ya kibanda cha fundi saa. Msusi mmoja, gauni la kijani limemkaa barabara, akapenya, akaweka saa yake iliyokufa mezani.

"Joto lote hili na glovu? Unatengeneza saa au unapasua wagonjwa?"

"Napasua," fundi alisema bila kuinua macho. "Na huyu wako moyo umesimama. Tuachie namba ya ndugu wa karibu."

Msusi akacheka, akaiacha namba.

Kwenye simu fundi alikuwa asali. Alimwita mboni yangu, akamtungia beti mpaka salio likakata. Walipoonana, mikono yake ilikaa mifukoni. Tangu utotoni viganja vilimtiririka jasho, iwe joto, iwe baridi. Shuleni daftari zake zililowa, wenzake wakamwita Bomba. Aliapa kwamba hakuna mwanamke atakayeijua aibu hiyo.

Miezi mitano ikapita hivyo. Siku msusi alipompeleka kwa shangazi yake, shangazi alinyoosha mkono. Fundi akainama kwa adabu, mikono nyuma, na mkono wa mama wa watu ukabaki hewani. Njiani msusi akamuuliza sababu. Fundi akajibu kwamba ni mazoea tu. Kuanzia kesho yake simu zake hazikupokelewa.

Ndipo alipokwenda kliniki. Daktari akamweleza kuwa huo ni ugonjwa: neva huziamrisha tezi za jasho hata mwili usipohitaji kupoa. Si uchafu, si woga, na dawa ya kupaka ipo. Fundi akapiga simu saluni, akamweleza msusi yote.

"Kumbe jasho," msusi alisema.

"Jasho tu, mpenzi."

"Mimi nilidhani ni hizi dawa za nywele, kwamba mikono yangu inakunukia vibaya. Kila nikija kwako naisugua kwa ndimu mpaka inatoka damu."

"Sikujua."

"Uliiona imechubuka. Hukuuliza."

Fundi akamwomba waonane, hata sasa hivi, amshike mikono yote miwili. Msusi akasema jasho angelifuta kwa pindo la gauni, wangecheka, yangeisha. Ila miezi mitano ya kujichukia hakujua aifute na nini.

Kisha akauliza, kwa upole uliomuumiza fundi kuliko tusi, dawa hiyo inapakwa mara ngapi.

"Kila siku kabla ya kulala."

"Basi paka. Na atakayekuja baada yangu, mwambie siku ya kwanza."

Akakata simu.