Bampa Isiyovuta Trela

Mzee Mbugua alikutwa ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta wa ghala lake la viazi, kofia bado iko kichwani. Ungedhani amepumzika. Lakini kifua chake kilikuwa kimebonyea, na bakora yake ilikuwa imevunjika vipande viwili kando ya mguu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu jioni, Keringet. Aliyemwona kwanza ni Cheruto, mama aliyekuwa akimkamulia ng'ombe. Alipiga ukemi hadi majirani wakajaa uani. Kisha mvua ikaja, ikanyesha kama imetumwa, ikafuta kila alama ya gurudumu.

Kufikia Jumanne polisi walikuwa na mtu wao. Abdirahman, dereva wa lori kutoka Nakuru, alikuwa amefika mchana ule kupakia viazi. Alikataa magunia ya lumbesi, yale yanayojazwa kupita kiasi hadi kushonewa kofia ya wavu juu, kwa sababu kwenye kizuizi cha polisi barabarani angeshikwa yeye, si mkulima. Walifokeana na mzee mbele ya vibarua. "Utanitafuta, mzee!" alisema Abdirahman. Vibarua wakaenda zao. Hakuna aliyeliona lori likiondoka, na jioni mzee alikuwa maiti. Kwa mpelelezi mvivu, hayo yanatosha kufunga jalada.

Inspekta Chepkemei hakuwa mvivu, ila sasa ilikuwa Alhamisi na alikuwa na siku moja tu. Kesho saa tatu asubuhi Abdirahman angesomewa shtaka la mauaji.

Kuluthum, mkewe, alikuwa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, chupa ya chai mapajani.

"Afande," alisema, "bwanangu hata kuku akikatiza barabara, yeye hufunga breki. Ataua mtu aje?"

"Mama, kortini kuku hatoi ushahidi."

Chepkemei alijuta mara tu maneno yalipomtoka. Aliingia ndani, akafungua tena ripoti ya uchunguzi wa maiti. Kifua kimepondwa. Juu kidogo ya goti la kulia, alama ya mviringo, ukubwa wa limau. Kwenye kabuti la marehemu, la sufu ya kijani, doa la grisi mahali palepale.

Mkuu wake alikuwa amesema ni boliti ya lori. Chepkemei alikuwa amelizunguka lile lori mara tatu. Nyuma lilikuwa na ubao wa chuma uliolala bapa, juu ya kiuno cha mtu. Hakukuwa na kitu chochote cha mviringo karibu na goti. Alichukua funguo za gari, akapanda Keringet.

Uani kwa marehemu kamati ya mazishi ilikuwa ikibishana. Viti na hema vilikuwa kanisani, na hakukuwa na wa kuvileta.

"Trela ile pale," alisema mzee mmoja wa kanisa, akinyoosha kidole kwenye trela la viazi lililoinamisha shingo kwenye nyasi. "Na gari la Naftaly lile pale. Sasa shida ni nini?"

Naftaly, mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa ameegemea Land Cruiser yake. "Haitavuta, mzee. Nimebadilisha bampa."

"Umebadilisha lini?"

"Juzi."

Wazee wakatazamana. Wakaacha kuuliza, maana mfiwa haulizwi sana. Lakini Chepkemei hakuwa amekuja kufariji mtu.

Alizunguka nyuma ya gari. Bampa ilikuwa mpya, nyeusi, ya chuma kinene, fupi, imepanda juu. Gari lote lilikuwa na matope ya miaka, isipokuwa hapo. Na katikati, mahali pa kufungia trela, hapakuwa na kitu.

"Pole kwa msiba, Naftaly."

"Asante, afande."

"Jumatatu mchana ulikuwa wapi?"

"Kwangu Lanet. Nilipigiwa simu jioni."

"Jumanne ukaenda kununua bampa."

"Nilikuwa nimeiagiza zamani."

"Siku ya pili ya msiba?"

"Kila mtu na msiba wake, afande." Alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka yuko wapi.

"Fundi ni nani?"

"Hanif, pale Nakuru. Si ni bampa tu!"

Chepkemei alimwacha, akateremka zizini. Cheruto alikuwa akiosha ndoo.

"Mama, Jumatatu ulisikia nini?"

"Nilisikia gari. Sikuona. Nilikuwa huku kwa ng'ombe."

"Gari tu?"

"Gari na bakora."

Chepkemei aliinua kichwa. "Bakora gani?"

"Ya mzee. Si unajua gari ikirudi nyuma lazima mtu asimame huko aongoze? Mzee alikuwa anagonga na bakora kwa bodi. Ko, ko, ko, moja moja, maana yake kuja. Akigonga mbili haraka, ko-ko, simama."

"Na Jumatatu?"

"Aligonga moja moja. Halafu mbili." Cheruto aliacha kuosha. "Halafu nikasikia kishindo. Nikafikiri ni mlango wa ghala."

"Mzee alikuwa anaongoza malori pia?"

"Lori? Aai! Lori inaongozwa na vibarua. Mzee alikuwa anaongozea mtoto wake peke yake."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Waliniuliza kama niliona. Hawakuniuliza kama nilisikia."

Chepkemei alipata hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya wenzake na yake mwenyewe. Siku tatu mtu analala sakafuni mwa seli, na jibu lilikuwa zizini likiosha ndoo. Lakini mlio wa bakora peke yake usingemtoa Abdirahman. Wakili yeyote angeucheka. Alishuka Nakuru mbio.

Karakana ya Hanif ilikuwa nyuma ya soko la mitumba. Bampa zilining'inia ukutani, ndefu kwa fupi. Hanif alipandisha miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Karibu, afande. Unatafutia gari gani?"

"Natafuta habari. Mteja akija kuchagua bampa ya nyuma, mnafanyaje?"

"Hii si kama kununua ndizi. Kwanza namuuliza, gari inaenda wapi? Kama ni ya kupanda makorongo, nampa fupi, iko juu, ndio mkia isigonge mawe akitoka kwa shimo. Kama anataka kubeba gurudumu ya spea nje, naweka mkono wa kufunguka. Kama anavuta, naweka kichwa ya trela, ile mviringo. Akitaka zote, uzito inakuwa mob, inashinda gari, springi zinalia. Lazima achague. Wengine hapa huchukua mwezi."

"Naftaly wa Keringet alichukua muda gani?"

Hanif akacheka. "Huyo? Miaka mbili! Kila Jumamosi anakuja, anapapasa ile nyeusi fupi, anakunywa chai, anaenda. Mzee wake alikataa. Alimwambia, ukiweka hiyo, viazi zangu zitavutwa na nani?"

"Na Jumanne?"

"Jumanne alinipata nikifungua mlango. Akasema, weka ile. Chai hakutaka. Nikamuuliza, kwani mzee amekubali?"

"Akasemaje?"

"Akasema, mzee amekubali."

Kalamu ya Chepkemei ilisimama. "Hanif, Jumanne asubuhi huyo mzee alikuwa mochwari."

Fundi alikaa polepole juu ya kasha la spana. "Subhanallah. Hakuniambia. Wallahi hakuniambia."

"Bampa ya zamani iko wapi?"

"Alitaka niikate mbele yake. Kona ilikuwa imebonyea, iko na chokaa ya ukuta. Nikashangaa, watu huniachia tu. Nilikata, watu wa vyuma kuukuu wakabeba jana."

Jana tu! Kufikia sasa vyuma vile vilikuwa vimekwisha tupwa tanuruni. Chepkemei alifunga daftari, akaifikiria ile chupa ya chai mapajani mwa Kuluthum. Alifika mlangoni, akageuka.

"Na kile kichwa cha trela, nacho ulikikata?"

"Hiyo? Hapana. Chuma kama hiyo haikatwi, afande, ni dhambi. Huwa nafungua na spana kabla sijakata kitu. Yeye alikuwa anaangalia kona tu, hakujali." Hanif aliinama, akavuta debe la boliti chini ya meza. "Iko hapa."

"Usiguse!"

Mkono wa fundi uliganda. Chepkemei alivaa glavu, akakitoa kile chuma cha mviringo, ukubwa wa limau. Kilikuwa kimepakwa grisi nzito ya miaka mingi. Na ndani ya grisi, zimenaswa barabara, kulikuwa na nyuzi za sufu. Za kijani.

Saa kumi alasiri Naftaly aliketi kwenye chumba cha mahojiano. Chepkemei aliweka bahasha ya ushahidi mezani, akaifungua mdomo kidogo aone ndani.

"Unakijua hiki?"

Naftaly alichungulia. "Kichwa cha trela."

"Chako. Hizo ni nyuzi za kabuti la babako. Maabara itasema hivyo, na wewe unajua itasema hivyo."

"Nyuzi ni nyuzi. Mzee alikuwa anazunguka hilo gari kila siku."

Chepkemei alikunja kidole, akagonga meza. Ko. Akasubiri. Ko. Akasubiri tena. Ko.

Naftaly aliukodolea macho ule mkono.

Ko-ko.

"Wacha," alisema Naftaly. "Afande, tafadhali wacha."

"Nitaacha ukiniambia."

Alijifunika uso. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Miaka kumi na miwili nimevuta viazi vyake. Nilinunua hilo gari nipande milima kama wenzangu. Wao wakienda Menengai, mimi niko Keringet nafunga trela. Jumatatu nilikwenda kumwambia basi, nimechoka. Akacheka. Akasema shamba la juu amemwandikia Wamuyu, dada yangu, kwa sababu yeye ndiye anayelilima. Nikamuuliza, na mimi? Akasema, 'Wewe si unavuta vizuri? Endelea kuvuta. Haya, rudisha gari tupakie mbegu.'"

"Ukarudisha."

"Nikarudisha. Yeye nyuma na bakora yake, kama siku zote."

"Akagonga."

"Akagonga."

"Mara mbili."

Naftaly alitikisa kichwa kukubali.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, afande." Machozi yalianza kumtoka. "Nilisikia vizuri kabisa. Mguu ulikuwa juu ya breki, nikauondoa."

Chepkemei aliweka kalamu chini. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imegeuka huzuni, na hilo lilimuudhi.

"Nieleze kitu kimoja. Hanif ana bampa ishirini zilizo na kichwa cha trela. Ungechukua moja, ungeleta viti vya msiba, hakuna ambaye angekutazama mara mbili. Kwa nini hiyo?"

Naftaly alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Sikutaka kuvuta tena."

Afisa mwingine aliitwa kuandika maungamo, kama sheria inavyotaka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa la mkuu lilisikika, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa tatu, Abdirahman alitoka seli akifinya macho kwa jua. Kuluthum alimimina chai, nusu ikamwagika, akamimina tena. Abdirahman aliinywa akiwa amesimama, kisha akamgeukia Chepkemei.

"Yule mzee tuligombana tu, afande. Nilikuwa nirudi Alhamisi, tuelewane."

"Najua. Nenda nyumbani."

Chepkemei alikuwa na safari moja ya mwisho, kwenda kumwambia Wamuyu kabla hajasikia kwa watu. Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa magari. Aliingia lake, akatia gia ya nyuma. Sajini mmoja akakimbia kumsaidia, akasimama nyuma, akagonga bodi kwa kiganja.

"Kuja, madam! Kuja, kuja!"

Ko. Ko. Ko.

Kisha ko-ko.

Mguu wake ulikuwa umekwisha kanyaga breki kabla hata hajafikiri. Gari lilisimama. Sajini aliinua dole gumba kwenye kioo, akicheka, akaenda zake. Chepkemei alibaki pale, mikono kwenye usukani, akautazama mguu wake, uliokuwa bado juu ya breki.